Jina la Mama Siti

Hebu mtazame anavyoshuka. Basi la kutoka Dar es Salaam limesimama stendi ya Masasi alasiri, vumbi halijatua bado, na mtu wetu anateremka kinyumenyume kwa sababu mikono yote miwili imekumbatia boksi. Amevaa shati lenye nembo ya kampuni iliyompunguza kazini. Mkewe amekuja kumpokea. Mzee Silvano, fundi cherehani jirani yao, amekuja na mkokoteni wa kuazima, maana kwa akili yake mtu aliyefanya kazi za kompyuta Dar miaka yote ile hawezi kurudi na kimfuko cha mkononi. Silvano ameshajipangia moyoni: friji, televisheni, na Mungu akijalia, kochi.

Basi, kondakta akafungua buti. Likatoka boksi la redio mbovu. Likatoka bomba refu la plastiki lililoviringishiwa kanga, ambalo baadaye watu walikuja kujua kuwa ni darubini ya kutazamia nyota aliyokuwa akijiundia mwenyewe. Likatoka gunia la vitabu. Mwisho kikatoka kisanduku cha mbao kilichozibwa kwa kipande cha chandarua, na kisanduku hicho kilikuwa kinavuma.

"Baba Justa, humu umeweka nini?" Silvano akauliza.

"Nyuki, mzee wangu. Wale wadogo, hawaumi."

Silvano akauachia mkokoteni. "Mtu anatoka Dar anatuletea nyuki Masasi. Kwani huku waliisha?"

"Hawa aina yao ni nyingine."

"Mama Justa, unamsikia? Wamakua wenzake wakimwona mdudu wanauliza anapikwaje. Huyu wako anauliza anaimbaje."

Silvano ni Myao, na Myao kwa Mmakua ni mtani, kwa hiyo hakuna aliyenuna. Mama Justa alicheka kuliko wote. Ila aliyesimama karibu naye angemwona akiyapitia yale maboksi kwa macho, moja baada ya jingine, anatafuta lile la kuanzia maisha.

Jina lake kwenye vyeti ni Dastani Mrope, mzaliwa wa Chidya. Lakini jina la vyeti hukaa na vyeti. Mtaa wa Mkomaindo walikopanga, jirani na hospitali, aliitwa Baba Justa, na mkewe Dina, mwalimu wa shule ya msingi, aliitwa Mama Justa, na hata wao wenyewe chumbani waliitana hivyo hivyo. Dar alikuwa mtu wa mifumo. Kampuni ikilala, kompyuta zake kubwa zinazohifadhi kazi za watu hazilali, na yeye ndiye aliyekuwa akizichunga. Siku moja kampuni ikaamua kukodi kompyuta za namna hiyo nje ya nchi, na wachungaji wakaambiwa asanteni.

Sasa nikueleze kichwa chake kilivyokuwa, maana bila hivyo hutamwelewa. Kichwa cha Baba Justa hakikuwa na mlango. Kila kitu kiliingia. Mvua ikinyesha alikinga chupa aliyoichora mistari, ajue imenyesha kiasi gani. Akisikia chura asiyemjua kwenye mtaro wa hospitali, anachuchumaa mtaroni na simu yake anamrekodi, wagonjwa wanapita wakidhani ni mwenzao aliyezidiwa. Aliotesha uyoga kwenye majani makavu ya mkorosho. Alimpigia mama yake Chidya kumuuliza mti fulani kwa Kimakua unaitwaje, halafu anamuuliza Silvano kwa Kiyao, halafu anamtafuta Mmakonde yeyote anayepita na baiskeli, anamsimamisha, anamuuliza kwa Kimakonde. Majina yote matatu anayaweka kwenye kompyuta yake, na picha ya jani.

Na kazi akawa anatafuta. Usidhani alikuwa mvivu. Kila tangazo alilitumia maombi: benki, halmashauri, mashirika ya maji, vyuo. Wengine walimjibu kwamba amesoma kuzidi nafasi yenyewe. Wengine hawakujibu. Mara moja alisailiwa kwa simu ya video, amekaa kwenye kile kichumba alichokodi kando ya cherehani ya Silvano ambacho alikitumia kutengenezea simu na kuchapa kazi za watu. Usaili ulikwenda vizuri mpaka msaili mmoja, mama mwenye sauti ya upole, akamuuliza, "Na muda wako wa mapumziko unapenda kufanya nini?" Ndugu yangu, alianza na chura wa mtaroni. Alipofika kwenye nyuki, wasaili wawili walikuwa wameshazima kamera zao.

"Ungesema unapenda mpira," Mama Justa alimwambia jioni.

"Siupendi mpira."

"Wao walikuwa wanaupenda?"

Hakusema kwa ukali. Dina hakuwa mtu wa ukali. Alikuwa akirudi shuleni, anasahihisha madaftari, anapika, na asubuhi anaondoka tena, na ule utaratibu wake wa kutolalamika ndio uliomuumiza mumewe. Angelalamika, angalau kungekuwa na la kujibu. Kila alipoinama kwenye mzinga wake au kwenye kioo cha darubini, Baba Justa alizisikia nyayo za mkewe zikipita nyuma yake. Akawa anasikia hatia hata anapofurahi. Hasa anapofurahi.

Kati ya lango la hospitali na kile kichumba chake kulikuwa na meza ya Mama Siti. Asubuhi aliuza uji na chapati kwa wauguzi na watu wanaouguza ndugu zao. Mwanamke wa Newala, Mmakonde, mpole wa maneno lakini ulimi wake ukiamua kuchoma unachoma. Alikuwa na stashahada ya mambo ya kompyuta, na aliwahi kufanya kazi kwenye mradi wa kuhifadhi kumbukumbu mpaka mradi ukafika mwisho na wafadhili wakaenda zao. Chapati zikafuata. Baada ya kumaliza meza yake alikuwa anakuja kukaa kichumbani kwa Baba Justa, anafanya mazoezi kwenye kompyuta ya ziada ili mikono isisahau. Na kila asubuhi alimwekea chapati pembeni, imefunikwa sahani, kwa sababu alijua mtu huyu akishika redio mbovu hakumbuki kama ana tumbo.

"Baba Justa, kula. Hiyo redio haitafufuka kwa wewe kufa."

Walikuwa wawili wanaotafuta kazi, na watu wanaotafuta kazi wana urafiki wao. Mmoja akiona tangazo, anamwonyesha mwenzake. Siku Mama Siti alipokuja na simu mkononi, macho yanamng'aa, lilikuwa tangazo la ushirika mmoja wa korosho huko Newala. Walimtaka mtu wa kusimamia mfumo wa ghala: gunia likipimwa kwenye mizani, uzito uingie kwenye kompyuta kwa jina la mkulima, isitokee mtu kupunjwa.

"Hii ni yangu," alisema. "Ni nyumbani. Siti atasoma huku bibi yake anamwona. Nichapie sivii nzuri. Na nikuandike wewe mdhamini wangu, wakipiga simu useme vizuri."

"Nitakupaka asali," Baba Justa akasema. "Na asali ninayo."

Wakacheka. Akamchapia, akaipanga, akaituma. Halafu jioni, Mama Siti ameshakwenda, akakaa akilitazama lile tangazo. Akajiambia, ni nafasi moja lakini maombi si dhambi, kila mtu na bahati yake. Akatuma na ya kwake. Hakumwambia.

Ushirika ukamwita Mama Siti kwenye usaili, akaenda akarudi, wakamwambia watampigia kwanza mdhamini wake. Yeye hakuitwa. Alimpongeza, na alimpongeza kwa dhati. Sitaki umfikirie vibaya. Lakini ile chapati ya siku ile aliiacha ikapoa.

Sasa twende kwenye asubuhi yenyewe. Baba Justa alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti mbele ya mzinga. Alikuwa na imani kwamba kundi la wale nyuki linapotaka kugawanyika, mvumo wake hubadilika kabla, na kwa majuma mengi alikuwa akivizia ubadilike. Asubuhi ile ukabadilika. Akaichomeka simu yake kwenye tundu la mzinga, ikiwa inarekodi, akazuia pumzi. Na simu ikaita.

Ikiita, rekodi inakatika. Akaichomoa na hasira zake.

"Halo."

"Habari za asubuhi. Naongea na Bwana Dastani Mrope?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Samahani kwa usumbufu. Unamfahamu Shakila Abdala Nandonde?"

"Nani?"

"Shakila Abdala Nandonde."

"Hapana, dada. Umekosea namba."

"Lakini hapa ameandika—"

Akakata. Akairudisha simu mzingani. Nyuki walikuwa wameshanyamaza.

Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Ukiyapima ni madogo. Akakasirika kidogo, akanawa, akaenda kwenye kichumba chake. Mama Siti alikuwa mezani kwake, na mbele yake amesimama njomba wake mmoja, kaka wa mama yake, aliyeshuka kutoka Newala kumleta mgonjwa hospitali. Njomba amepokea kikombe cha uji, anasema, "Shakila mwanangu, sukari umeinyima."

Baba Justa alisimama pale pale barabarani. Mtu wa bodaboda akampigia honi, hakusogea. Miaka waliyokula pamoja, hakuwahi kumwita kwa jina hilo hata mara moja, wala kusikia mtu akimwita. Lakini sivii aliichapa nani? Jina lile alilichapa kwa vidole vyake, kwa herufi kubwa, akalikoza rangi, akarudi nyuma kutazama kama limekaa katikati ya ukurasa.

"Baba Justa, unapigwa na jua hapo," Mama Siti akamwita. Akamfunulia sahani. "Wale watu hawajakupigia?"

Hapa ndipo angesema. Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Namba ilikuwa kwenye simu yake, haijapoa.

"Bado," akasema.

Kwa nini alisema bado? Alijiambia kwamba atapiga kwanza, ataweka mambo sawa, halafu atamsimulia kama kichekesho. Akaingia ndani, akaikamata simu, akamfikiria yule dada akimuuliza, asubuhi humjui, sasa unamjua? Akaona aibu. Akasema mchana. Mchana alikuja mteja. Akasema kesho. Na kila asubuhi sahani ilikuwa pale, imefunikwa, na kila asubuhi swali lilikuja na chai, na jibu likawa ni lile lile, linatoka lenyewe, halihitaji hata kusukumwa.

Alipopiga hatimaye, siku zilikuwa zimekwenda. Yule dada alijitambulisha kuwa ni Brigita, katibu muhtasi.

"Kaka, tulishafunga," Brigita akasema. "Mwenyekiti alikataa. Alisema mtu anayeandika mdhamini asiyemjua, ghalani ataandika magunia yasiyokuwepo."

"Lakini ninamfahamu. Ni jirani yangu. Jina tu ndilo lilinipiga chenga."

"Haya, nitamwambia mzee. Ila nafasi yenyewe imesimama, yule wa pili amepata kazi Tandahimba. Tutatangaza tena msimu ukiisha. Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Mifumo. Kompyuta."

Upande wa pili ikaja sauti ya mtu aliyeona mwanga. "Kompyuta hizi hizi? Kaka, ya kwetu imegoma. Mizani inasema lake, kompyuta inasema lake, na mnada uko mlangoni. Unaweza kuja hata kwa muda?"

Akamuuliza mizani ni ya aina gani. Akamuuliza waya unaingilia wapi, na taa inawaka rangi gani. Kichwa kile kisicho na mlango kikafurahi chenyewe. Alipokata simu alikuwa na kazi. Akaketi kwenye kigoda. Akagundua kwamba kwenye mazungumzo yote yale, mizani aliizungumzia kuliko Mama Siti.

Nyumbani Dina alisikiliza habari ya kazi, akafunika uso kwa kanga, akalia kidogo. Ndipo mumewe akamweleza na yale mengine, isipokuwa kwamba na yeye aliomba nafasi ile. Dina akajifuta.

"Kila mtu angefanya hivyo," akasema. "Hata mimi sijui anaitwa nani. Nani anajua? Sisi tunajua Mama Siti." Halafu akacheka kwa pua. "Ila wewe, Baba Justa. Chura wa mtaroni unamjua mpaka jina la ukoo wake."

Mumewe hakucheka.

Asubuhi ya kuondoka alimwambia Mama Siti kwamba anakwenda Newala, kwenye ushirika ule ule, kibarua cha muda, kurekebisha mizani. Mama Siti aligeuza chapati moja.

"Angalau mmoja wetu," akasema. Akamfungia chapati kwenye gazeti. "Ukifika uniulizie, Baba Justa. Pengine karatasi zangu zimekaa chini chini, hawajazirudia."

"Nitakuulizia."

Alipanda bodaboda mpaka juu. Ukiijua ile barabara unajua panapobadilika, joto la Masasi linabaki nyuma na upepo wa Newala unakuingia mikononi mwa shati. Mikorosho ilikuwa imeshashika, mabibo mekundu na ya njano yananing'inia, wanawake wako chini yake wanafagia ili korosho zikidondoka zionekane. Zamani angemwomba dereva asimame mara kumi. Siku ile alipita chini ya miti ambayo hakuijua, na hakuuliza.

Kazi aliiweza. Mizani ikaanza kuongea na kompyuta. Makuli wa ghalani wakampenda, maana foleni ilikwenda. Brigita akamletea uji wake. Alikuwa na chumba kwa bibi mmoja jirani na ghala, na jioni angeweza kutembea mpaka ukingoni, mahali ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linalala chini kwa ukungu, na ng'ambo yake Msumbiji. Alikwenda mara moja. Alikuwa na kinasa sauti mfukoni, ndege wanaimba bondeni, hakukitoa.

Mama Siti alimtumia ujumbe: Vipi, umeniulizia? Akajibu kwamba mwenyekiti amesafiri. Mwenyekiti alikuwa amekaa chumba cha pili, anakula ming'oko, vile viazi vya porini.

Ujumbe ule ndio uliomshinda. Siku ya pili yake, mchana, aliingia kwa mwenyekiti. Mzee Arthur alikuwa mtu wa kifua kipana na kicheko kipana zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mizani imekorofisha?"

"Mizani nzima. Ni mimi." Akamweleza. Alieleza habari ya simu na nyuki, na habari ya jina. Kwamba yule mama hakudanganya, aliyekosa ni yeye. Alieleza akitazama sakafu, amejiandaa kufukuzwa, na nataka uamini kwamba alikuwa anataka kufukuzwa.

Mzee Arthur akaanza kutikisika kifua kabla sauti haijatoka.

"Brigita, njoo umsikie huyu. Bwana wee, hilo ndilo linakuondolea usingizi? Mimi mke wangu, ukinipigia simu ukanitajia jina lake la ubatizo, nitakwambia sina mtu huyo. Mimi nina Mama Anderson. Mwaka ule amelazwa, nimezunguka wodi nzima, nesi ananiuliza mgonjwa wako nani, nasema Mama Anderson, anasema hayupo. Yupo, amelala pale ananiangalia. Hilo si kosa. Hayo ndiyo maisha yetu." Akafuta machozi ya kicheko. "Namba ya huyo binti unayo?"

"Mzee, naomba nimwambie mwenyewe kwanza."

"Umwambie nini tena? Lete."

Akaipiga hapo hapo, sauti imefunguliwa, akamsimulia Mama Siti mambo yote huku akicheka, nyuki, mzinga, umekosea namba, kila kitu. Na kwamba aje Jumatatu, kazi ni yake. Baba Justa alisimama mbele ya meza. Alisubiri upande wa pili ucheke.

"Ahaa," ilisema sauti ya Mama Siti. "Kumbe." Halafu, "Asante, mzee wangu. Jumatatu nitakuwepo."

Watu wote walikuwa wamemsamehe. Silvano alipopata habari alimpigia simu mahususi kumwambia kwamba Mmakua akikumbuka jina la mtu basi mtu huyo amekufa. Dina alisema, umeona, Mungu ameyapanga. Na msamaha wao kila ulipokuja ulimwongezea mzigo, kwa sababu walikuwa wanasamehe kosa la kutojua jina. Hakuna aliyemuuliza habari ya yale maneno matatu ya mwisho: lakini hapa ameandika. Aliyasikia. Aliyasikia kabla ya kukata, si baada. Ni nani aliyeandikwa kuwa mdhamini, kama si yeye? Nani aliyekuwa anasubiriwa kupigiwa simu wiki ile?

Mama Siti akaja. Alivaa gauni la kitenge jipya na viatu vya kufunika. Akafanya kazi kama mtu aliyekuwa akiingojea, na Baba Justa akabakia majuma machache amkabidhi mfumo. Hapo ofisini kila mtu alimwita Shakila. Yeye hakuweza. Akisema Shakila, neno linakwama kama analiiba. Akisema Mama Siti, watu wanacheka, wanaukumbuka mkasa. Akawa hamwiti. Akimhitaji alikuwa anakohoa.

Na Mama Siti hakumtupia neno baya hata moja. Alimletea chapati. Alimuuliza hali ya Justa shuleni. Hata alimwambia, "Wala usijali, Baba Justa, ndiyo maisha yetu," akiyatumia maneno ya mwenyekiti, na Baba Justa karibu aamini kwamba yamekwisha.

Mpaka ile alasiri ya mwisho. Mzigo wa mwisho wa siku ulikuwa umepimwa, wanangoja lori, wote wako kwenye baraza ya ghala. Mzee Arthur alikuwa na furaha, akaanza kumsifu Baba Justa mbele ya watu.

"Na mnajua nilimkataa huyu? Maombi yake yalikuja siku moja na ya Shakila. Nafasi hiyo hiyo moja. Nikasoma: nyuki, nyota, vyura. Nikasema huyu tukimpa ghala atakaa anasikiliza panya wanaimba. Kumbe fundi."

Watu wakacheka. Lori likaingia, mwenyekiti akainuka na makuli wakamfuata. Wakabaki wawili kwenye magunia.

Mama Siti alikuwa anamenya ming'oko. Hakuacha kumenya.

"Uliomba," akasema.

"Niliomba."

"Jioni ile ile."

"Jioni ile ile."

Akamenya mmoja, akaula, akakung'uta maganda kwenye kitenge. Ulipuliza upepo, ukayachukua.

"Hata ungeniambia, nisingekuzuia. Tungecheka. Tungesema atakayepata amnunulie mwenzake kuku." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aje Newala. "Baba Justa, wote hapa wanasema ulinisahau jina. Mimi sitaki mambo ya wote. Niambie jambo moja tu, halafu sitakuuliza tena mpaka kufa kwangu. Yule dada alipolitaja jina langu, ulikuwa hulijui, au ulikuwa hutaki kulijua?"

Baba Justa akafungua mdomo. Mtu yule aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliyejua nyuki wanavuma vipi wakitaka kuhama, alijichungulia ndani mahali penyewe, pale asubuhi ile, amepiga magoti, simu mkononi, sauti ya mwanamke inataja majina matatu. Alitazama kwa bidii, kama alivyozoea kutazama. Aliwaona nyuki. Aliiona hasira yake. Nyuma ya hasira aliona kitu kingine kidogo kinapita, hakikusimama ajue ni nini. Kila alipokifuata kilikuwa kimeshahama.

Akafunga mdomo. Mama Siti akangoja. Na yeye ni mtu anayejua kungoja.

Wewe ambaye jirani yako unamwita kwa jina la mtoto wake, na jina lake mwenyewe limekaa mahali fulani kichwani mwako, hujui kama lipo: unadhani alikuwa halijui, au alikuwa hataki?